Siti Laini Siyo Siti Nzuri: Fizikia ya Makalio Kwenye Barabara ya Amani

Kutoka Muheza mjini mpaka Amani ni kilomita 30 na ushee. Kwenye ramani ni hapo tu. Kwenye bodaboda ni habari nyingine: unaanza chini kwenye michungwa, unapita geti la hifadhi pale Sigi, halafu ni kona juu ya kona mpaka karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari. Kipande cha mlimani kwa miaka mingi kimekuwa udongo mwekundu, mawe na makorongo. Ukifika juu, makalio yana ganzi na kiuno kimekaza.

Sasa kumbuka kwamba wewe abiria umepanda mara moja. Dereva anageuza, anashuka na mzigo wa iliki au na mgonjwa, kisha anapanda tena. Kwake siti ni kiti cha ofisi, na mgongo ukigoma, hela ya siku hiyo hakuna.

Dawa ya kwanza ambayo wengi huikimbilia ni kumwambia fundi aongeze sponji, iwe laini kama kochi. Je, inasaidia? Kwa dakika tano za kwanza, ndiyo. Baada ya saa nzima, mara nyingi hapana.

Mifupa miwili inayobeba kila kitu

Kalia viganja vyako kwenye kiti kigumu. Utasikia vifundo viwili vya mfupa vinakandamiza vidole. Hiyo ni sehemu ya chini kabisa ya nyonga, na ndiyo inayokubeba ukikaa. Kati ya mfupa huo na siti kuna nyama, ngozi na mishipa midogo ya damu.

Tukumbushane fizikia ya sekondari: kanieneo ni kani ukigawa kwa eneo. Mtu wa kilo 70 ana uzito wa karibu nyutoni 700. Tuseme miguu na mikono inabeba 200, siti inabaki na 500. Kama uzito huo unakaa kwenye eneo la sentimita za mraba 200 tu kuzunguka ile mifupa, kanieneo ni kilopaskali 25. Ukiutawanya mpaka sentimita za mraba 500, yaani makalio yote na sehemu ya mapaja, inashuka hadi kilopaskali 10. Uzito haujapungua hata gramu, umegawanywa tu.

Ngoja, kuna namba moja zaidi. Mwaka 1930 mtafiti Eugene Landis alipima msukumo wa damu ndani ya mishipa midogo kabisa ya ngozi kwenye ukingo wa kucha. Upande ambao damu inaingilia alipata wastani wa milimita 32 za zebaki, ambazo ni kama kilopaskali 4.3. Linganisha na zile 10 za siti nzuri. Ina maana hata siti nzuri inaweza kuubana mshipa mdogo kuliko damu inavyousukuma kutoka ndani. Mwili unavumilia kwa muda, lakini ukikaa palepale bila kusogea, nyama inakosa hewa na neva zinaanza kulalamika. Ganzi na ule moto unaousikia ni malalamiko hayo.

Kwa hiyo hakuna siti duniani, hata ya pikipiki ya mamilioni, inayokuruhusu kukaa kama sanamu kwa masaa. Marekani kuna chama kinaitwa Iron Butt Association, tuseme "Chama cha Makalio ya Chuma". Safari yao ya kuanzia ni maili 1,000, yaani kilomita 1,609, ndani ya saa 24. Hata makalio ya chuma lazima yanyanyuliwe njiani ili damu ipite.

Sponji laini inavyodanganya

Sponji ya kisasa ni poliyurethani, plastiki ambayo kemia yake ilianzishwa na Otto Bayer na wenzake Ujerumani mwaka 1937. Ndani yake ni vijumba vidogo vya hewa. Ukikaa vinabonyea, ukinyanyuka vinarudi.

Sponji laini sana inabonyea yote. Pale chini ya ile mifupa miwili inafika mwisho, na unakuwa umekalia plastiki ngumu ya chini ya siti. Pembeni bado ni laini, lakini pembeni hapabebi kitu. Umelipia sponji, halafu eneo linalobeba uzito limerudi lilelile dogo.

Sponji nzito kidogo inabonyea taratibu na inabakiza akiba ya kubonyea pale unapoingia shimoni. Dukani utaiona ngumu. Ndiyo maana tunachagua vibaya: tunapima siti kwa kuikalia dakika moja.

Kipimo rahisi: weka goti moja juu ya siti, egemeza uzito wako wote. Ukisikia kitu kigumu chini, sponji hiyo ama ni laini mno ama imechoka.

Bembea iliyo ndani ya mgongo

Mpaka hapa tumeongelea kukaa tu. Barabara ya Amani inatikisa pia.

Ukisukuma mtoto kwenye bembea kwa kufuata mwendo wa bembea yenyewe, hata kwa nguvu ndogo anaenda juu sana. Kila kitu chenye uzito na mnyumbuko kina mwendo wake wa namna hiyo, na mwili wa mtu aliyekaa una wa kwake: kama mitikisiko 4 hadi 6 kwa sekunde, juu na chini. Barabara ikikupiga kwa mwendo huo, mgongo na tumbo vinacheza zaidi ya siti yenyewe.

Chukua vile vituta vidogo vya kufuatana kwenye barabara ya vumbi, tuseme viko umbali wa mita moja moja. Ukienda kilomita 18 kwa saa, unapiga vitano kila sekunde. Umeangukia palepale mgongo unapochezea. Usikimbilie kuongeza mwendo, maana tairi linalorukaruka halishiki breki wala kona.

Na sponji? Kumbe nayo ni springi. Ikiwa na mtu juu yake, siti ya kawaida ya sponji huwa na mwendo wake karibu na mitikisiko 4 kwa sekunde. Inazuia vizuri mtetemo wa haraka, kama ule wa injini. Lakini mitikisiko ya polepole, ile ya mawe na mashimo, inaweza kuiongeza badala ya kuipunguza. Ile siti ya kochi unayodundadunda juu yake inakufanyia hivyo hasa.

Kinachosaidia hapo ni shokapu, upepo wa tairi na magoti yako. Shokapu za nyuma za pikipiki nyingi za bodaboda zina pete ya kukaza springi. Wengi huikaza kwa ajili ya mzigo na kuiacha hivyo hivyo hata wakiwa peke yao. Tairi nalo likijazwa kupita kiasi linageuka jiwe. Kuhusu magoti: ukifika kwenye mawe, simama kidogo kwenye vyuma vya miguu na ukunje magoti. Miguu inapokea mshtuko, mgongo unapumzika, na damu inapita kwenye makalio. Kazi tatu kwa mpigo mmoja.

Umoja wa Ulaya mwaka 2002 ulitoa agizo kwamba mfanyakazi anayetikiswa mwili mzima, kwa mfano dereva wa trekta, asizidi mita 1.15 kwa sekunde mraba kwa siku ya saa nane, na ikifika 0.5 mwajiri aanze kuchukua hatua. Dereva wa bodaboda aliyejiajiri hana mwajiri wa kumpimia. Kipimo chake ni kiuno chake, na kiuno hutoa taarifa kwa kuchelewa.

Mteremko, tanki na mishikaki

Wakati wa kushuka kutoka Amani, siti iliyoinama mbele inakutelezesha hadi kwenye tanki. Abiria naye anakusukuma kwa nyuma, na mkipakizana mishikaki ndiyo kabisa. Uzito unahama kutoka kwenye mifupa ya kukalia kwenda sehemu laini ya katikati ya mapaja, penye neva na mishipa inayohudumia sehemu za siri. Kwenye baiskeli, siti nyembamba inayobana hapo imehusishwa na ganzi ya sehemu hizo. Siti ya pikipiki ni pana, kwa hiyo si lazima ufike huko, ila usijilazimishe kukaa unakoteleza.

Ukienda kwa fundi

Usiseme tu "ongeza sponji". Mwambie hivi:

- Sehemu ya dereva iwe tambarare au iinuke kidogo sana mbele, isielekee kwenye tanki.
- Iwe pana nyuma unapokalia, nyembamba mbele ili miguu ishuke vizuri.
- Chini sponji nzito, juu tabaka jembamba laini. Vipande vya godoro lililochoka, hapana.
- Isipandishe siti hadi miguu isifike chini. Kwenye utelezi wa udongo wa Amani, mguu unaofika chini una thamani kuliko sponji.
- Mshono usipite katikati pale unapokalia.

Kava jeusi la plastiki linachemka juani na kukuloanisha jasho, na ngozi yenye unyevu huchubuka upesi. Kitambaa kinachopitisha hewa juu yake kinasaidia. Suruali ya jinzi yenye mshono mnene nayo ni adui.

Kabla hujalipa, ikalie nusu saa. Fundi akishangaa, mweleze kwamba dakika ya kwanza hupima ulaini tu, na wewe unaenda Amani.