Watu wa Kweli Nyuma ya Majina ya Hadithi ya Alisi

Mzazi amsomeapo mtoto hadithi jioni, mara nyingi huyapita majina mbio mbio. Kwake yeye Abunuwasi ni Abunuwasi tu, na ndege ni ndege. Kumbe yule mjanja wa ngano za pwani alirithi jina la Abu Nuwas, mshairi wa kweli wa Baghdad aliyeishi miaka 1,200 hivi iliyopita, na jina hilo lenyewe ni la utani, kwa sababu ya mashungi ya nywele yaliyomning'inia mabegani.

Vitabu vya watoto vina majina mengi ya namna hiyo, lakini ni vichache vinavyokishinda kile kilichotolewa London mwaka 1865, juu ya msichana aliyemfuata sungura shimoni. Wasomaji wa Kiswahili walikipata mwaka 1940 kwa jina la Elisi katika Nchi ya Ajabu, na tafsiri nyingine, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, ilitoka mwaka 2015.

Mtungaji wake, Charles Lutwidge Dodgson, alikuwa mwalimu wa hesabu katika chuo cha Christ Church, Oxford. Kabla ya kuwaficha wengine alijificha mwenyewe kwanza. Aliyageuza majina yake mawili ya mwanzo kuwa ya Kilatini, Carolus Ludovicus, akayapindua, kisha akayarudisha katika Kiingereza. Hivyo ndivyo alivyozaliwa Lewis Carroll, jina linalosomwa juu ya jalada hadi leo.

Mkuu wa chuo hicho, Henry Liddell, alikuwa na mabinti. Tarehe 4 Julai 1862 Dodgson na rafiki yake Robinson Duckworth waliwachukua watatu kwa mashua katika mto Thames: Lorina mwenye miaka 13, Alice mwenye miaka 10 na Edith mwenye miaka 8. Hadithi ilisimuliwa humo chomboni ili safari isichoshe, naye Alice akaomba aandikiwe.

Wote waliokuwa katika mashua ile wamo kitabuni. Alisi aanguka katika dimbwi la machozi yake mwenyewe, na pamoja naye waogelea Bata, Dodo, kasuku wa aina iitwayo Lory, na kinda la tai. Bata ni Duckworth, kwa kuwa nusu ya kwanza ya jina lake ni neno la Kiingereza la bata. Lory ni Lorina, dada mkubwa. Na kweli kasuku huyo adai kuwa ajua zaidi kwa sababu amemzidi Alisi umri, lakini akiulizwa ana miaka mingapi akataa kusema. Kila nyumba yenye mabinti kadhaa inamjua kasuku huyo. Kinda la tai ni Edith mdogo, ambaye maneno marefu ya wakubwa yampita kando. Hata kule kulowa kwao si uzushi mtupu, kwani tarehe 17 Juni mwaka ule ule Dodgson na mabinti hao walinyeshewa mvua kubwa katika matembezi mengine.

Na Dodo? Huyo alikuwa ndege wa kisiwa cha Morisi, katika Bahari ya Hindi, asiyeweza kuruka, ambaye alitoweka kabisa katika karne ya 17. Kichwa na mguu wa mmoja wao vimehifadhiwa Oxford. Dodgson alikuwa na kigugumizi, na husimuliwa kuwa ulimi ulikwama kwenye mwanzo wa jina lake: Do-do-Dodgson. Ikiwa masimulizi hayo ni ya kweli au ya kupambwa, Dodo ni yeye bila shaka, kwani mwaka 1886 alimpelekea Duckworth nakala ya hadithi hiyo, akaandika ndani yake kuwa ni ya Bata, kutoka kwa Dodo. Si kila mwalimu awezaye kuitoa kasoro yake mwenyewe ichekwe na watoto.

Fumbo lililosukwa kwa ustadi zaidi liko mezani penye chai. Kimnyama mfano wa panya, kinachosinzia wakati wote, chasimulia habari za dada watatu waishio ndani ya kisima cha asali ya miwa: Elsie, Lacie na Tillie. Elsie, likitamkwa, ni herufi mbili za Kiingereza, L na C, yaani Lorina Charlotte. Lacie ni herufi tano za Alice zilizopanguliwa na kupangwa upya. Tillie ni kifupi cha Matilda, jina la utani la Edith. Kisima nacho kipo, Binsey, karibu na Oxford. Zamani neno la Kiingereza la asali hiyo lilikuwa na maana ya dawa, na watu walikiendea kisima wakitafuta uponyaji.

Hapo ndipo mfasiri atokwapo jasho. Neno kwa neno, Lacie hubaki sauti tupu. Atakaye kuuokoa mchezo huo hana budi kutunga upya. Alisi, kwa mfano, huweza kupanguliwa likazaa Silia. Sungura ni taabu nyingine. Waingereza wana msemo juu ya wazimu wa sungura wa mwezi Machi, na ndiyo sababu yule wa kitabuni hana akili timamu. Lakini mtoto aliyelelewa na ngano za Kiswahili amemzoea sungura amshindaye simba kwa akili. Yuko pia kasa mwenye kichwa cha ndama. Huyo alitoka jikoni: supu ya kasa ilikuwa ghali, basi wapishi wakaiga ladha yake kwa kichwa cha ndama.

Kitabu kilipotoka, ule urafiki ulikuwa umekwisha kupoa. Mwezi Juni 1863 Dodgson na nyumba ya Liddell waliachana kwa ghafula, na ukurasa wa shajara yake wa siku zile umekatwa. Hata hivyo, mwaka 1871 alikifunga kitabu cha pili cha Alisi kwa shairi la mishororo 21. Herufi za kwanza za mishororo hiyo, zikisomwa kutoka juu hadi chini, zalitaja jina zima: Alice Pleasance Liddell. Watunzi wa tenzi hulitaja jina lao beti za mwisho. Huyu alilitaja la mtoto aliyemsimulia.

Alice aliolewa mwaka 1880, akazaa wana watatu. Wawili, Alan na Leopold, waliuawa wakiwa askari katika Vita Kuu ya Kwanza. Wa tatu, aliyebaki, aliitwa Caryl, jina lisilotofautiana sana na Carroll likitamkwa. Mama yake alikana kuwa lilitoka huko.