Siku ya Tatu Mpe Jembe: Mgeni katika Klabu ya Raga ya Chuo

Chuo kikuu cha Kenya kinapopokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wanaraga huwa hawakai mbali na foleni. Wanakagua miili. Mrefu mwembamba anaulizwa kama ameshawahi kudaka mpira hewani. Mnene, ambaye maisha yake yote ya kandanda aliwekwa golini, anaambiwa kwamba amechelewa sana kufika. Mfupi mwenye maneno mengi anaonyeshwa jezi namba tisa. Wengi kati yao hawajawahi kuushika mpira wa raga, na hilo halimshangazi mtu. Shule zenye jina katika mchezo huu, kama Kakamega School au Lenana, hutoa wachezaji walioiva, lakini haziwezi kuzijaza klabu zote za vyuo. Sehemu kubwa ya kikosi lazima ifinyangwe papo hapo chuoni.

Hii ndiyo desturi ya kwanza ya jamii hii: humpokea mtu kabla hajajua kitu. Chanzo chake ni mchezo wenyewe. Timu ina watu 15. Namba moja hadi nane ni mafowadi, wanaosukuma na kugombea mpira. Tisa hadi 15 ni mabeki, wanaoupitisha na kukimbia nao. Propu huhitaji shingo nene na mgongo imara, winga huhitaji mbio, na anayeruka kudaka mpira unaporushwa kutoka kando ya uwanja huhitaji urefu. Ni michezo michache inayoweza kuwapa kazi watu wa maumbo tofauti hivi kwa wakati mmoja.

Desturi hii ya kumpokea kila mtu haikuwapo tangu mwanzo. Raga iliingia Kenya na walowezi wa Kiingereza, na klabu za zamani kama Nondescripts, ya mwaka 1923, zilikuwa zao. Mlango ulifunguka kupitia shule na vyuo. Mwaka 1977 timu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Mean Machine, ilitwaa Kenya Cup, taji la juu la klabu nchini. Baadaye zikasikika Blak Blad ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, Leos ya Strathmore, na timu ya Masinde Muliro kule Kakamega. Kwa vijana wengi ambao wazazi wao hawakuwa na uanachama wa klabu za mjini, chuo ndicho kilichokuwa daraja la kufikia uwanja wa RFUEA (Chama cha Raga cha Afrika Mashariki) ulio kando ya Barabara ya Ngong, Nairobi.

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la klabu ya raga ni kubeba mifuko ya kukabia, kujaza chupa za maji, kukusanya mipira jioni na kuhesabu jezi kabla hazijapelekwa kufuliwa. Mgeni akidhani hayo ni matusi, hakai. Akielewa kwamba nahodha wa leo naye aliyabeba, anaanza kuhesabiwa miongoni mwa watu. Kinachotazamwa wiki za mwanzo ni mahudhurio: nani amefika mvua ikinyesha, nani amekuja ingawa hana njumu, nani amebaki nyuma kuokota koni. Kabla jina lake halijazoeleka anakuwa amebandikwa jingine, la utani, na yaweza kutokea akamaliza shahada huku nusu ya timu haijui jina lake la darasani.

Mafunzo nayo yana adabu yake. Kwanza mgeni huondolewa mazoea: mkononi mpira haurushwi mbele, hupitishwa nyuma au kando, na kijana aliyekulia kwenye mpira wa kikapu huliona jambo hilo kama kutembea kinyumenyume. Kisha hufundishwa kuanguka. Kisha kukaba, akianza kwa magoti mbele ya mfuko, baadaye mbele ya mtu anayetembea, mwisho mbele ya anayekimbia. Kichwa kikae kando ya mwili wa mpinzani, kisitangulie mbele ya mapaja yake, mikono ifunge, mguso usipande juu ya mabega. Anayeyarudia haya kila jioni ni mchezaji wa zamani, kwa sauti ya ukali ambayo mgeni hatimaye huitambua kuwa ni ya malezi.

Mwenye uzoefu mdogo hulindwa hata na sheria. Kwenye skramu wanane huwakabili wanane, na refa hutoa amri tatu: kuinama, kushikana, kuingia. Uzito hupitia mabega na shingo za watatu wa mbele, propu wawili na huka katikati yao. Timu ikikosa watu waliofunzwa nafasi hizo, refa huamuru skramu isiyo na kusukumana. Vilevile anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo hutolewa na harudi siku hiyo, hata akiapa kwamba yuko sawa. Ukali wa raga unawezekana kwa sababu umewekewa mipaka hii, na klabu inayomrusha mgeni mstari wa mbele ili tu kujaza pengo imeusaliti mchezo.

Heshima huonekana zaidi mechi inapofika. Usiku wa kuamkia mechi, katika klabu nyingi, jezi hukabidhiwa mkononi mbele ya wenzako, na anayevaa kwa mara ya kwanza hupigiwa makofi marefu kuliko nyota. Uwanjani, anayezungumza na refa ni nahodha. Wengine hunyamaza hata wakidhulumiwa. Kipenga cha mwisho kikilia, timu moja hujipanga safu mbili na kuwapigia makofi wapinzani wanaopita katikati, kisha nyingine hufanya hivyo hivyo. Mwenyeji humlisha mgeni wake. Propu wawili waliosukumana dakika 80 huketi sahani moja ya ugali, wakiulizana habari za mitihani.

Baada ya chakula huja nyimbo na mahakama ya utani, ambapo aliyeangusha mpira mbele ya mstari wa trai au aliyesahau soksi hushtakiwa na kutozwa faini. Hapo ndipo mila huweza kuoza. Faini ya kuimba peke yako au kufua jezi hujenga. Faini ya kumlazimisha kijana wa miaka 18 kunywa pombe humvunja, na nyimbo za kuwadhalilisha wanawake hazina utetezi, hasa sasa ambapo wasichana nao wanacheza, na timu ya taifa ya wanawake ya raga ya wachezaji saba imefika Olimpiki ya Rio na ya Tokyo. Hoja kwamba "sisi pia tulifanyiwa" imewahi kutetea kila desturi mbaya.

Wengi wa wageni hawa hawatafika kokote kimchezo. Hawatakuwa Collins Injera wala Humphrey Kayange, nyota wa Kenya wa raga ya wachezaji saba, na ushindi wa Kenya dhidi ya Fiji katika fainali ya raga hiyo kule Singapore mwaka 2016 watausimulia kama watazamaji. Watacheza kikosi cha pili, labda cha tatu, kisha watahitimu. Lakini klabu imewapa watu wa kuwauliza hali wanapougua, wa kuwachangia nauli, na baadaye wa kuwatajia kazi. Kwa hiyo anayetafuta klabu ya kujiunga asihesabu vikombe kabatini. Aende mazoezini jioni moja atazame jinsi asiyejua kukaba anavyofundishwa: kama ni kwa subira au kwa kicheko. Hapo atakuwa ameijua klabu yote.