SOMO LA LEO: JINSI BAKTERIA ANAVYOGAWA UZI WAKE

Leo tutajifunza jinsi bakteria mmoja anavyokuwa wawili, na kwa nini jambo hilo lakuhusu wewe upewaye vidonge hospitalini.

Bakteria ni kiumbe mdogo mno, haonekani kwa macho matupu. Tumchukue mmoja aitwaye Escherichia coli, akaaye matumboni mwetu. Wengi wa jamii yake hawana madhara. Wengine huleta kuhara au ugonjwa wa njia ya mkojo.

Ukigawanya milimita 1 mafungu 500, fungu moja ndilo urefu wake. Lakini ndani yake mna uzi, uitwao kromosomu, ambao ukinyooshwa wafika milimita 1 na nusu. Ni kama mtumbwi wa mita 4 uliopakiwa kamba ya mita 3,000! Tena uzi huo hauna ncha; umeungana kama pete. Humo ndimo yalimo maagizo ya maisha yake.

Sasa sikilizeni kwa makini. Kabla ya kugawanyika, bakteria hunakili uzi huo ili kila mtoto apate wake. Kazi huanzia mahali pamoja, huenda pande mbili, na hukutana upande wa pili wa pete. Huku kazi ikiendelea, nyuzi mbili husogezwa mbalimbali, mmoja huku, mmoja kule. Lakini mwishoni pete hizo huwa zimeshikana kama pete za mkufu. Zitaachanaje? Yuko fundi mdogo, aitwaye kimeng'enya. Yeye hukata pete moja, huipitisha nyingine katika mwanya, kisha huunga alipokata. Ukuta hukamilika katikati, na bakteria huwa wawili.

Akipata chakula kingi na joto la kutosha, aweza kugawanyika kila dakika 20. Bakteria mmoja wa saa 4 usiku aweza kuwa zaidi ya milioni 2 ifikapo saa 11 alfajiri.

Dawa iitwayo siprofloksasini humnasa fundi huyo, pamoja na mwenzake alegezaye uzi unaponakiliwa. Fundi hukata, asiweze kuunga. Uzi hubaki umekatika, na bakteria hufa.

Lakini mara chache uzi hunakiliwa kwa kosa dogo, fundi akabadilika umbo, dawa isimnase. Bakteria huyo hafi, na watoto wake wote hurithi kosa lilelile. Tukitumia dawa ovyo, twawaua wanyonge na kuwaachia nafasi walio sugu. Siku utakapougua kweli, kidonge hakitakufaa.

Basi, ndugu msikilizaji, usinunue vidonge hivi kwa kubahatisha, usigawane na jirani, wala usiviache kabla ya siku ulizoambiwa na daktari.

Swali la kujadiliana darasani: Kwa nini kosa la bakteria mmoja laweza kuwa hasara ya kijiji kizima?

Kwa herini, hadi somo lijalo.