Mashua za Starehe: Ujue Ile Unayopanda



Wakati wa konje unapokaribia, wengi hupita dispanseri kuomba dawa ya malaria ya kubeba safarini. Siku hizi wengine wanauliza na jambo jingine: tukifika Goma, Bujumbura au Kampala, tunaweza kupeleka watoto kwenye mashua? Swali hilo ni la afya kama yale mengine, kwa sababu maji huua haraka kuliko malaria, na wengi wetu tunaofanya kazi chini ya udongo hatujui kuogelea.

Hapa Kasindi mashua tunayoijua ni pirogi ya mvuvi. Ziwa Edward liko karibu, lakini upande wetu liko ndani ya Parke ya Virunga, na pirogi za Kyavinyonge na Vitshumbi ni za samaki, si za matembezi. Anayetaka starehe huvuka mpaka hadi Mweya, Uganda, ambako mashua kubwa hupeleka wageni kwenye mfereji wa Kazinga kutazama viboko. Mahali pengine kuna vilabu vya mashua: Cercle Nautique kule Bujumbura kwenye Ziwa Tanganyika, Victoria Nyanza Sailing Club huko Kaazi karibu na Kampala, na vya Mombasa na Dar es Salaam kwenye bahari.

Klabu ya namna hii inafanana kidogo na likelemba. Mtu mmoja hana nguvu ya kununua mashua, kulipa mlinzi na kutengeneza motere. Basi wanachama wanatoa feza pamoja, na kila mmoja anachukua zamu yake ya kutumia mashua. Huko Marekani kuna kampuni zilizofanya jambo hili kuwa biashara. Moja ilianza mwaka 1989 katika mji wa Sarasota, Florida: mwanachama analipa kiingilio, kisha ada ya kila mwezi, anaandikisha siku yake, na anakuta mashua imeoshwa na esansi imejazwa. Faida yake inaonekana. Lakini kuna hatari moja ambayo sisi watu wa mashini tunaijua vizuri: chombo cha watu wote mara nyingine hakina mwenyewe. Aliyekitumia jana ameona ufa, akanyamaza. Kwa hiyo uliza daftari la matengenezo kama unavyouliza lile la winchi kabla ya kushuka. Klabu isiyo na daftari, mimi nisingempeleka mtoto wangu huko.

Sasa tuangalie mashua zenyewe.

Pedalo ni ile inayokwenda kwa kukanyaga kama baisikeli. Watu huidhania kitu cha watoto, nayo kweli haipinduki upesi. Hatari yake ni upepo. Ni nyepesi, inakaa juu ya maji kama jani, na asubuhi upepo unakusukuma mbali bila wewe kuchoka. Wakati wa kurudi miguu imekwisha nguvu na upepo unakupinga. Kanuni ni rahisi: anza kwa kwenda kinyume cha upepo, ili kurudi kuwe kwepesi. Kanuni hiyo ni kwa kayaki pia, ile mashua nyembamba ya mtu mmoja au wawili na kasia yenye vichwa viwili. Kayaki hupinduka kirahisi, na asiyefundishwa kutoka ndani yake hana haki ya kuipeleka kwenye maji ya kina. Mwenye kifafa, au aliyetoka kazi ya usiku bila kulala, asipande peke yake. Na kwenye maji ya viboko, kama Ziwa Edward letu, kayaki isiingie kabisa. Kiboko haogopi kitu kidogo namna ile.

Mashua za tanga ziko nyingi. Watoto wanajifunzia Optimist, kisanduku chenye urefu wa zaidi kidogo ya mita 2, kilichochorwa mwaka 1947 huko Florida, na leo kinatumika dunia nzima kwa watoto hadi miaka 15. Wakubwa wanatumia Laser, ya mtu mmoja, karibu mita 4 na sentimita 20. Kuna pia katamarani, yenye matumbo mawili yaliyounganishwa: inakimbia sana na inasimama imara, lakini ikigeuka juu chini, kuirudisha ni kazi ya watu wenye nguvu na ujuzi. Katika hizi zote kupinduka ni sehemu ya mafunzo, kwa hiyo mwanafunzi avae jile ya kuokoa tangu nchi kavu. Mashua ikipinduka, ishikilie na kubaki nayo. Pwani huonekana karibu kuliko ilivyo, na wengi waliokufa ni wale walioiacha mashua wakajaribu kuogelea.

Mashua ya motere ndiyo inayopendwa na vijana, nami nitakaa hapo zaidi. Kwenye motere kuna kamba fupi nyekundu. Dereva huifunga mkononi au kwenye mguu, na akianguka majini kamba inachomoka na motere inazimika. Dereva asiyeifunga, mashua itaendelea bila yeye au itazunguka na kumrudia, na elisi ya nyuma inakata nyama na mfupa. Motere izimwe kabisa kabla ya mtu yeyote kuogelea au kupanda kwa ngazi ya nyuma. Kujaza esansi, abiria wote wakae nchi kavu, sigara izimwe. Tena kuna moshi. Ninyi mnajua ile hewa isiyo na rangi wala harufu inayolaza mtu mgodini. Motere inatoa hewa hiyohiyo, na inakusanyika nyuma ya mashua na chini ya turubai. Mtoto akianza kuumwa kichwa na kusinzia hapo nyuma, usiseme ni mawimbi. Mtoe kwenye hewa safi.

Mwisho kuna pontoni, sakafu pana juu ya mapipa marefu ya aluminiamu, yenye viti na kivuli. Jamaa nzima inakaa kama sebuleni. Ubaya wake ni huo huo: watu husahau kwamba wako majini, wanasimama wote upande mmoja kupiga picha, na chupa zinapita.

Tarehe 24 Novemba 2018, mashua ya starehe MV Templar ilizama kwenye Ziwa Victoria, upande wa Mukono, Uganda. Ilibeba watu wengi kupita kipimo chake, ilikuwa mbovu, muziki na pombe vilikuwapo, na wengi hawakuvaa jile. Zaidi ya watu 30 walikufa, na nchi kavu ilikuwa karibu. Kwetu, tarehe 3 Oktoba 2024, mashua iliyotoka Minova ilizama mbele ya bandari ya Kituku, Goma, watu wakitazama kutoka pwani. Ile haikuwa ya starehe, lakini mzigo kupita kipimo ni uleule.

Juu ya jile: ya mkubwa haimfai mtoto. Mvalishe, funga mikanda yote, kisha mwinue kwa kushika mabega ya jile. Ikipanda hadi masikioni, itamtoka majini. Jile nzuri ya mtoto ina mkanda unaopita katikati ya miguu.

Mtu akitolewa majini bila kupumua, msimning'inize kichwa chini wala kumkanyaga tumbo ili maji yatoke. Desturi hiyo inapoteza dakika za uhai na inaleta matapishi kwenye mapafu. Mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpulizie kinywani mara 5. Asipoamka, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu mara 30, upesi, zaidi kidogo ya mara moja na nusu kwa sekunde, kisha pumzi 2, na kuendelea hivyo bila kuacha hadi msaada ufike. Akizinduka na kusema yuko mzima, apelekwe hospitali siku ileile, kwani mapafu yanaweza kuharibika baada ya saa kadhaa.

Neno moja la bilharzia. Katika Ziwa Victoria, Albert na Tanganyika mdudu wake anatoka kwenye konokono wa majani ya pwani na kuingia kwenye ngozi kwa dakika chache tu. Pandeni mashua kwenye gati, si katikati ya matete. Waliooga huko waje dispanseri wiki 6 hadi 8 baada ya kurudi, na kinyesi cha kupimwa. Dawa yake, praziquantel, inamezwa kwa siku moja.