Nasaba za Wafaransa wa Kanada (Sehemu ya 2): Ndugu wa Baba Mmoja, Majina Mawili

Wiki iliyopita tuliwaacha walowezi wa Kifaransa kando ya mto Saint-Laurent, wakifyeka misitu na kujenga makanisa. Leo tuingie kwenye jambo linalowatoa jasho vitukuu wao wanaochimba nasaba, nalo ni majina.

Mwaka 1665 kilitua Quebec kikosi cha Carignan-Salières. Jeshini Ufaransa askari alipewa jina la utani juu ya jina la ukoo wake: Lafleur, yaani Ua, Sansouci, Asiyejali. Askari wapatao 400 walibaki, wakaoa na kulima, na utani ule ukaingia katika vitabu vya parokia. Padri aliandika majina yote mawili na katikati akaweka neno “dit”, yaani “aitwaye”. Hata koo zisizo za askari ziliiga desturi hiyo.

Mfano mzuri ni Pierre Hudon dit Beaulieu wa Rivière-Ouelle. Wazao wake leo wengine ni Hudon, wengine Beaulieu, na damu ni ileile. Anayefuata jina moja tu ameshatupa nusu ya ukoo. Tena si kila Beaulieu ni wa Hudon, na akina Lafleur ndio usiseme: utani huo walipewa askari chungu nzima wasiojuana.

Ndiyo maana mimi humshauri mtafutaji aanze na hati ya ndoa. Hati hiyo kwa kawaida huwataja wazazi wa bwana harusi na wa bibi harusi, pamoja na parokia yao. Mama hutajwa kwa jina la kwao, si la mumewe. Ukishapata majina hayo manne, unatafuta ndoa ya wazazi, kisha ya babu na bibi, na hivyo hivyo hadi kwa aliyevuka bahari. Kuna kikwazo kimoja: mjane anapoolewa tena, mara nyingi padri humtaja marehemu mume na kuwaacha wazazi. Hapo itakubidi urudi kwenye ndoa yake ya kwanza.

Ubatizo nao una mitego. Karibu kila mvulana aliitwa Joseph na kila msichana Marie, kisha yakafuata majina mengine. La mwisho ndilo aliloitiwa nyumbani. Tahajia ilimtegemea padri, kwani wengi hawakujua kuandika. Zacharie Cloutier, seremala aliyefika mwaka 1634 na kuacha wazao wasiohesabika, mahali pa saini alichora shoka.

Kazi kubwa ya kuunganisha hati hizi aliifanya Padri Cyprien Tanguay, katika juzuu 7 zilizotoka kati ya 1871 na 1890. Zina makosa, kwa hiyo zikuelekeze kwenye rejista, zisichukue nafasi yake.

Hilo la mwanamke kubaki na jina la kwao si la vitabu vya kale tu. Tangu 1981 sheria ya Quebec inamtaka mke atumie jina lake la kuzaliwa katika shughuli zote za kisheria. Bibi harusi wa Kikongo au wa Kirundi anayefunga ndoa Montreal naye habadilishi jina, atake asitake.

Wiki ijayo tutavuka mpaka pamoja na waliokwenda viwanda vya nguo vya New England, ambako Boisvert aligeuka Greenwood na Roy akawa King.