Ajira na Sheria (Sehemu ya 3): Kibarua akishakuwa mwajiriwa

Baada ya mkataba na mshahara, wiki hii nageukia swali ambalo wenye biashara ndogo nchini Kenya huniuliza kuliko yote, na aghalabu huniuliza wakiwa tayari na barua ya wakili mkononi. Je, mtu niliyekuwa nikimlipa kila jioni anaweza kunishtaki kama mwajiriwa?

Anaweza.

Tuseme una karakana ya kuchomelea milango na madirisha kule Kariobangi. Kijana alikuja Februari kubeba vyuma, ukampa ujira wake jua likitua. Kesho yake akarudi. Agosti imefika na bado yupo, tena sasa anashika mashine mwenyewe na wateja wanamjua kwa jina. Machoni pako yeye ni kibarua. Machoni pa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, ukibarua wake ulikwisha zamani.

Kwa sheria hiyo, kibarua ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na ambaye hajaajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Kifungu cha 37 ndicho kinachomgeuza. Siku zake za kazi za mfululizo zikijumlishwa zikatimia mwezi, au ikiwa kazi yenyewe haiwezi kutarajiwa kumalizika chini ya miezi mitatu, anahesabiwa kuwa mtu wa mshahara wa mwezi, na kumwachisha kunahitaji notisi ya siku 28. Akiendelea hadi miezi miwili tangu siku aliyoanza, anastahili yote ambayo angestahili kama asingeanza kama kibarua, ikiwemo likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, yenye malipo. Hakuna fomu inayojazwa wala afisa anayekuja kukuarifu. Mambo hugeuka yenyewe, nawe uko dukani unatafuta chenji.

Wapo wanaomwambia kijana apumzike siku tatu kila mwisho wa mwezi, ndipo arudi akiwa “mpya”. Simshauri mtu yeyote ategemee hila hiyo. Kifungu hicho hicho kinaipa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi uwezo wa kubadilisha masharti ya kibarua na kutangaza kuwa ameajiriwa kwa masharti yanayolingana na sheria.

Linalowaponza wengi ni ushahidi. Kazi ikifika miezi mitatu, mkataba lazima uandikwe, na jukumu la kuuandaa ni la mwajiri. Usipoweza kuutoa mahakamani, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa unakuangukia wewe. Kijana atafika na taarifa yake ya M-Pesa, kila malipo na tarehe yake. Wewe ukija na maneno matupu, jaji atamwamini nani?

Siku ya kuachana nayo ina utaratibu wake. Hata ukiwa umemshika na vyuma vyako mlangoni, kifungu cha 41 kinakutaka umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake aliyemchagua, kisha umsikilize yeye na huyo mwenzake kabla ya kuamua. Mazungumzo ya nusu saa yanaweza kutosha. Andika yaliyosemwa, mtie sahihi. Kwa hasira wengi humfukuza papo hapo, na hapo hata mwenye sababu nzuri hushindwa kesi. Fidia inaweza kufika mshahara wa miezi 12. Usijipe moyo kwamba mtu hajamaliza mwaka: sharti la kwamba ni lazima awe amefanya kazi miezi 13 ndipo alalamikie kuachishwa isivyo haki lilifutwa na Mahakama Kuu mwaka 2012.

Michango ya NSSF huonekana kama adhabu kwa biashara changa, lakini inamkinga mwajiri pia. Mfanyakazi aliyesajiliwa humo hadai malipo ya utumishi, ambayo mahakama mara nyingi huyakadiria kwa mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliofanya kazi. Kwa mtu aliyekaa nawe miaka minane, hesabu hiyo si haba.

Kama kazi yako kweli ni ya msimu, kwa mfano una oda ya madirisha ya shule moja, andika mkataba wa muda maalumu unaotaja kazi hiyo na siku ya kuisha. Ukurasa mmoja unatosha. Asiyejua kusoma asomewe na kufafanuliwa, kisha aweke alama ya kidole gumba. Nakala yako ihifadhi miaka mitano baada ya kuachana naye, kama sheria inavyotaka; yeye ana miaka mitatu ya kufungua kesi.

Sehemu ya 4 itahusu kupunguza wafanyakazi biashara inapodorora.