Samaki waliokufa usiku mmoja: namna ya kuitafuta sababu

Samaki wa bwawa zima wanapokufa kwa usiku mmoja, swali la kwanza linaloulizwa kijijini ni nani aliyetia sumu. Wilayani Biharamulo swali hilo lina mashiko. Kuna mashamba ya pamba na mahindi yanayopuliziwa dawa, kuna wachimbaji wadogo wa dhahabu, na wazee wanaujua utupa, mmea ambao majani yake hutwangwa na kutiwa majini ili samaki walewe. Lakini sumu ni jibu mojawapo tu kati ya majibu kadhaa, na kila jibu huacha alama zake.

Tuanze kwa kutenganisha ugonjwa na vifo vya ghafla. Ugonjwa kwa kawaida huua kidogo kidogo: leo wawili, kesho watano, huku wengine wakionekana na vidonda au wakikataa chakula. Samaki wengi waliokuwa wazima jioni wakifa wote ndani ya saa chache, kitu cha kuchunguza kwanza ni maji yenyewe. Maji huua ghafla kwa njia kuu tatu: kwa kupungukiwa oksijeni, kwa kujaa taka za samaki wenyewe, na kwa kuingiwa na sumu kutoka nje.

Oksijeni ndiyo hewa ambayo samaki huivuta kutoka majini kwa matamvua yake. Lita moja ya hewa tunayovuta sisi ina zaidi ya miligramu 200 za oksijeni. Lita moja ya maji yenye joto la nyuzi 25 za Selsiasi, katika usawa wa bahari, hubeba takriban miligramu 8 tu. Kadiri mahali palivyoinuka, kiasi hicho hupungua. Uso wa Ziwa Victoria uko meta 1,134 juu ya usawa wa bahari na Biharamulo iko juu zaidi ya hapo, kwa hiyo maji ya bwawa la Biharamulo, hata yakishiba hewa, hubeba kama miligramu 7. Sato hukua vizuri oksijeni ikizidi miligramu 3. Ikishuka chini ya 1 huvumilia kwa muda mfupi, kisha hufa.

Mchana bwawa hutengeneza oksijeni yake. Mwani, yaani mimea midogo inayoyapa maji rangi ya kijani, hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula na kutoa oksijeni. Usiku kazi hiyo husimama, lakini kupumua hakusimami. Samaki, mwani wenyewe na bakteria wanaoozesha samadi na mabaki ya pumba huendelea kuitumia oksijeni iliyobaki. Ndiyo maana oksijeni huwa nyingi alasiri na hufikia kiwango cha chini kabisa kabla ya jua kuchomoza. Bwawa lenye kijani kizito linaweza kuwa na oksijeni ya kutosha saa tisa mchana na kukosa kabisa saa kumi na moja alfajiri.

Hali ya hewa inaweza kulizidisha tatizo hilo. Siku mbili au tatu za mawingu mfululizo hupunguza mwanga, na bwawa huingia usiku likiwa na akiba ndogo. Mvua kubwa ya baridi nayo huyachanganya maji ya juu na ya chini. Maji ya chini, yaliyokaa juu ya tope linalooza, hayana oksijeni, na yakipanda hushusha kiwango cha bwawa lote. Mfugaji anayesema kuwa samaki wake walikufa baada ya mvua ya usiku anatoa ushahidi wa maana, hata kama hajui anaeleza nini.

Njia ya pili ni taka. Samaki hutoa amonia, hasa kupitia matamvua, na chakula kinachooza huongeza amonia hiyo. Ukali wake hutegemea pH, yaani kipimo cha tindikali na alkali katika maji. Kwenye pH 7 na joto la nyuzi 25, sehemu ya amonia iliyo katika umbo lenye sumu haifiki asilimia 1. Kwenye pH 9 huzidi theluthi moja. Mwani ukifanya kazi kwa nguvu mchana huipandisha pH, hivyo amonia huwa kali zaidi alasiri.

Njia ya tatu ni sumu kutoka nje. Baadhi ya dawa za kuulia wadudu huua samaki zikiwa chache mno, na mvua ya kwanza baada ya kupulizia huweza kuzisomba hadi bwawani. Sianidi, inayotumika kuchenjulia dhahabu, huua haraka. Zebaki haifanyi hivyo kwa kawaida, kwani madhara yake hujilimbikiza polepole mwilini. Utupa una kemikali inayouzuia mwili wa samaki kuitumia oksijeni, na kwa hiyo samaki aliyeleweshwa kwa utupa naye hupanda juu na kutweta. Kutweta peke yake, basi, hakutoshi kutoa hukumu.

Hapo ndipo alama zinapaswa kusomwa kwa pamoja. Alama ya kwanza ni saa. Vifo vya alfajiri huelekeza kwenye oksijeni, vya alasiri huelekeza kwenye amonia, na sumu huua saa yoyote. Ya pili ni aina ya samaki. Kambale ana kiungo cha ziada kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu, hivyo sato wakifa wote na kambale wakabaki hai, oksijeni inashukiwa zaidi. Ya tatu ni ukubwa: oksijeni ikipungua, mara nyingi samaki wakubwa hutangulia kufa, ilhali sumu mara nyingi huanza na wadogo. Ya nne ni viumbe vingine. Wadudu wa majini na viluwiluwi wakifa pamoja na samaki, sumu inapata nguvu kama maelezo.

Oksijeni ikibainika kuwa ndiyo iliyopungua, uchunguzi umefika nusu ya njia. Mwezi Machi 2022 samaki walielea wakiwa wamekufa katika Mto Mara na maji yakawa meusi. Kamati ya wataalamu chini ya Profesa Samwel Manyele ilieleza kuwa oksijeni ilipungua kwa sababu ya kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza. Wananchi wengi na baadhi ya wabunge hawakuridhika, kwa kuwa walikuwa wanaushuku mgodi wa eneo hilo. Kabla ya hapo, mwaka 2018, watafiti waliokuwa wakifanya kazi sehemu ya juu ya mto huo, upande wa Kenya, walichapisha matokeo yanayoonyesha kuwa kinyesi cha viboko zaidi ya 4,000 kikisombwa na mafuriko kinaweza kumaliza oksijeni na kuua samaki. Mabishano ya Mara yanatufundisha kutenganisha maswali mawili: samaki walikosa nini, na kitu gani kilikimaliza.

Ziwa Victoria nalo linatoa somo kuhusu alama ya aina ya samaki. Mwanzoni mwa mwaka 2021 sangara wengi walikufa upande wa Uganda, na serikali ya nchi hiyo ilitaja upungufu wa oksijeni. Sangara huhitaji oksijeni nyingi kuliko sato, kwa hiyo haishangazi kuwa yeye ndiye aliyeonekana zaidi ufukweni.

Baada ya kupita hatua hizi, hukumu inaweza kutolewa. Katika bwawa la maji yaliyotuama, lenye samaki wengi, samadi nyingi na kijani kizito, upungufu wa oksijeni uchunguzwe kwanza, na sumu ishikiliwe kama sababu pale tu alama zake zinapoonekana. Kwa hiyo mfugaji asiyaguse maji kabla ya kuandika saa, aina na ukubwa wa samaki waliokufa. Achukue maji katika chupa safi na samaki kadhaa wanaokaribia kufa, si waliooza, awaweke kwenye barafu na kumwita afisa uvuvi. Asile wala asiuze samaki hao mpaka sababu ijulikane. Ili kuwaokoa waliobaki, asimamishe kulisha na aingize maji mapya yakidondoka kutoka juu ili yabebe hewa. Na kabla hajamtuhumu jirani, alipime bwawa lake alfajiri.